Vichujio vya intaneti shuleni visizuie masomo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu vichujio vya intaneti vinavyowekwa kwenye maabara za kompyuta za shule zetu za sekondari. Nafundisha Biolojia, na sipingi hata kidogo kuwakinga wanafunzi na picha chafu, kamari na matapeli, kwani mzazi aliyetukabidhi mwanawe ana haki ya kudai hilo. Ninachopinga ni tovuti kufungwa kiholela na mtu asiyejua siku hiyo darasani kunafundishwa nini.

Mada ya uzazi ndiyo inayoumia zaidi. Mwanafunzi anapotafuta maelezo ya saratani ya matiti au magonjwa ya zinaa, skrini humwandikia kwamba ukurasa umezuiwa, na wenzake waliokaa jirani humgeukia kana kwamba amekutwa na jambo la aibu. Mtoto wa namna hiyo, hasa wa kike, harudii kuuliza.

Kurasa nyingi siku hizi husafirishwa kwa usimbaji fiche, yaani maandishi yake hugeuzwa kuwa ya siri yasisomeke njiani, kwa hiyo kichujio cha kawaida huona jina la tovuti tu, wala hakioni kilichomo ndani. Ndiyo maana mara nyingi YouTube hufungwa yote, ingawa humo zimo video zinazoonyesha seli ikigawanyika, jambo ambalo chati ya ukutani haiwezi kulionyesha.

Marekani, ambako sheria ya mwaka 2000 ilizitaka shule na maktaba zinazopata ruzuku ya intaneti ziweke vichujio, sheria hiyohiyo iliruhusu kichujio kizimwe mtu mzima anapofanya utafiti wa kweli. Kwetu, katika shule ninayofundisha, ombi la kufungua tovuti moja hupelekwa kwa fundi aliye nje ya shule, na majibu hufika mada imekwisha kupita.

Naiomba Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia iagize kila shule iwe na mwalimu mwenye neno la siri la kufungua tovuti papo hapo, ambaye ataandika daftarini jina la tovuti, somo na saa, kisha mkuu wa shule alikague daftari hilo kila wiki. Wazazi nao waonyeshwe daftari hilo kwenye vikao vyao, waulize wanachotaka kuuliza.

Mwalimu wa Biolojia,
Morogoro