Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: hiyo "nimeridhika sana" ni ya nani?

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa nje. Kila mwisho wa mwezi nakusanya fomu za maoni zinazopanda hadi ofisini kwako, na leo nakuomba usizisome kama zilivyo.

Juzi bibi mmoja aliyekuwa foleni tangu alfajiri alinirudishia kalamu. "Nijazie wewe, mjukuu wangu. Weka pazuri." Nikamuuliza daktari kamwambia anaumwa nini. Hajui. Na zile pakiti mbili za vidonge, ipi ya usiku? Hajui. Lakini hakufokewa, na dawa kapata. Kwake siku ilikuwa njema. Nikatia tiki penye "nimeridhika sana". (Ndiyo, kalamu ilishikwa na mwenye sare. Angelalamikaje?) Aliyemfuata, kijana msomi, aliingia kwa daktari yuleyule, akaelezwa vizuri kuliko bibi, kisha akajaza ukurasa mzima: hakuonyeshwa majibu ya maabara, hakuulizwa anapendelea tiba ipi.

Kwenye jedwali lako bibi ni sifa, kijana ni dosari. Mimi naona kinyume chake.

Sisemi bibi hajui thamani. Aliyewahi kutukanwa dirishani anajua uzito wa kusalimiwa, na anayeishi kwa kibarua hupima tiba kwa ujira wa siku aliyoipoteza. Ila asiyewahi kuelezwa ugonjwa wake hawezi kudai maelezo. Mwaka 2002 mchumi Amartya Sen alionyesha jambo hilo India: Kerala, jimbo lenye wasomi na wazee wengi, ndiko watu walikojitaja kuwa wagonjwa zaidi; katika jimbo la Bihar, walikokuwa wakifa mapema, waliosema wanaumwa walikuwa wachache.

Marekani, kabla ya kulinganisha alama za hospitali, hurekebisha hesabu kwa umri, elimu na lugha ya mgonjwa, maana wazee hutoa alama kwa ukarimu na wasomi hubana. Sisi hata umri hatuulizi.

Ongeza kwenye fomu visanduku vitatu: umri, elimu na lugha. Maswali yaulizwe na mtu asiye na sare. Na badala ya "umeridhika?", tuulize: umeambiwa unaumwa nini, kwa lugha unayoielewa? Utameza dawa hii lini?

Fomu ya bibi ipo katika bahasha ya mwezi huu. Nyuma yake nimeandika kwa mkono yale mawili asiyoyajua.

Wako mtiifu,
Muuguzi, wagonjwa wa nje