Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha watazamaji wa katuni,

Habari za fedha mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, na projekta sasa ni mali yetu, hatuazimi tena. Ukumbi tulioulipia mwezi Mei tuliukuta una harusi, na fedha zetu hazijarudi mpaka leo. Kamati inaendelea kuzidai.

Sasa nije kwenye lililo moyoni mwangu. Tangu kuanzishwa, chama hiki kimekuwa cha anime, yaani katuni za Kijapani, na donghua, yaani katuni za Kichina, tumezifanya watoto wa kambo. "Wanaiga tu," tulisema, nami nilikuwa mstari wa mbele kusema hivyo. Tulikosea. Ndugu wa familia ya Wan walitoa filamu ya katuni ya Princess Iron Fan huko Shanghai mwaka 1941, na Osamu Tezuka, mchoraji wa Kijapani ambaye sote tunamwita baba wa anime, aliiona akiwa kijana na ikamvutia.

Filamu ya Kichina ya Ne Zha 2 mnaijua. Ilitoka tarehe 29 Januari, ikapita dola bilioni 2, na hakuna filamu ya katuni iliyowahi kuingiza fedha kiasi hicho. Kampuni 138 zilishiriki kuitengeneza, na inaonekana: kwenye vita vikubwa kioo kinajaa mpaka jicho halijui litue wapi. Kwangu hiyo ni kasoro. Nilichoondoka nacho ni mama mmoja ndani ya tanuri, anamkumbatia mwanawe aliyeota miiba mwili mzima, na haachii ingawa miiba inamchoma.

Lakini filamu yangu ya mwaka ni Nobody, ya studio ya Shanghai, iliyotoka Agosti na kuchorwa kwa mtindo wa zamani wa pande mbili. Inachukua kisa cha Safari ya Magharibi, riwaya ya kale ya Kichina, ila haimfuati Sun Wukong, nyani shujaa wa riwaya hiyo. Inamfuata kinguruwe, kibarua wa chini kabisa katika genge la mazimwi. Anaposugua sufuria kubwa la wakubwa wake, anatumia manyoya magumu ya mwili wake mwenyewe. Nyumbani ana mama ambaye hofu yake kubwa ni kwamba mwanawe hanywi maji ya kutosha. Nani kati yetu hajawahi kuwa kibarua wa namna hiyo, au kuwa na mama wa namna hiyo?

Tulipoandaa karatasi ya maelezo ya filamu hiyo kwa Kiswahili, tulibishana jioni nzima: yaoguai, kiumbe wa ajabu wa visa vya Kichina kama huyo kinguruwe, tumwiteje? Wengine walitaka "jini", lakini kwetu pwani jini ana mambo yake, na wazazi wa wanachama wadogo wasingeturuhusu. "Pepo" hali wala hafanyi kazi za sulubu. Tukakubaliana "zimwi", na kwa huyu mdogo, "kijizimwi". Nawashukuru sana waliokaa mpaka saa nne usiku kwa ajili ya neno moja.

Upande wa Japani, filamu ya Demon Slayer: Infinity Castle ilitujazia ukumbi. Hakuna anayechora upanga na moto kama Ufotable, studio iliyoitengeneza. Hata hivyo, mapigano yanakatwa na kumbukumbu mara nyingi mno; upanga unapoa hewani. Kumbukumbu za Akaza, mmoja wa maadui, peke yake ndizo zilizostahili nafasi yote ile: kijana anayeiba ili amnunulie dawa baba yake mgonjwa, halafu baba anajinyonga ili mwanawe asiendelee kuiba. Kwa ajili ya hiyo tu ningelipa kiingilio tena.

To Be Hero X, donghua ya mfululizo ya Li Haoling, tuliimaliza wachache. Ndani yake shujaa ana nguvu kadiri watu wanavyomwamini, na imani ikipungua naye anapungua. Naomba walioiacha njiani wairudie.

Kamati inapendekeza kuanzia mwakani kila mwezi tuonyeshe kazi moja ya Japani na moja ya China. Mtalipigia kura baada ya chai.

Msimu wa pili wa anime ya Frieren unaanza Januari 2026. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo tutarudia mwanzo wa msimu wa kwanza, pale mchawi Frieren anapolia kaburini kwa Himmel, shujaa mwenzake, kwa kuwa miaka kumi walisafiri pamoja na hakujishughulisha kumjua. Tunaanza saa nane mchana. Wenye viti vya kukunja waje navyo.