Kisu cha kukunja mfukoni: polisi hawaulizi inchi, wanauliza sababu

Mteja anapoinua kisu cha kukunja kwenye kaunta yetu hapa Kampala, swali linalofuata lile la bei huwa ni moja: je, nikikutwa nacho nitakamatwa? Mara nyingi huwa ameshajijibu mwenyewe kwa kusoma kwenye simu kwamba kisu chenye makali yasiyozidi inchi 3 hakina neno. Kanuni hiyo ipo kweli, lakini ni ya Uingereza, katika sheria yao ya mwaka 1988, na hata huko mahakama zimekwisha kuamua kwamba kisu ambacho bapa lake hujikaza likishafunguliwa hakinufaiki na ruhusa hiyo. Mtu anayezunguka soko la Owino akitegemea kipimo cha Uingereza hana kinga yoyote mfukoni.

Kwa upande wetu, kosa la kutembea na silaha hadharani, lililomo katika Sheria ya Kanuni ya Adhabu, halipimwi kwa rula. Linatazama kama mtu alikuwa na sababu halali ya kubeba silaha hiyo, na kama aliibeba kwa namna ya kuwatia watu hofu. Ndiyo maana mkulima anaweza kupita kijijini na panga refu kwenye baiskeli yake akienda kukata migomba, wala asisimamishwe na mtu, ilhali kijana anayechezea kisu kidogo kwenye foleni ya teksi saa nne usiku anaweza kulala kituoni. Tangu mauaji ya mapanga yaliyotokea eneo la Masaka mwaka 2021, ambapo wazee wengi walivamiwa majumbani mwao, makali ya aina yoyote yakionekana gizani hutisha, na hatuwezi kuwalaumu wanaoogopa.

Kwa hiyo, fundi umeme anayetumia kisu kuchuna nyaya tunamshauri akiweke ndani ya mfuko wa vifaa, pamoja na koleo na tepu, kwa sababu vifaa hivyo vinamweleza askari kazi yake kabla hata hajafungua kinywa. Mvuvi wa Ziwa Victoria na mwongoza watalii nao wafanye vivyo hivyo: kisu kikunjwe, kiwe ndani ya ala, kisining'inie kiunoni mjini. Kazi ikiisha, kirudi nyumbani. Sababu halali ya saa nne asubuhi haimfuati mtu baa usiku, na jibu la «nakibeba kwa ajili ya kujilinda» ndilo baya kuliko yote, kwani msemaji anakiri mwenyewe kwamba kifaa chake ni silaha.

Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vilivyokuwa vikitumika kumkamata mtu kwa kuonekana tu akizurura katika mazingira ya kutiliwa shaka. Uamuzi huo hauhusu visu moja kwa moja, ila unapunguza ile kamatakamata iliyokuwa ikianza kwa uzururaji na kuishia kwenye upekuzi wa mifuko. Ukikamatwa hata hivyo, Katiba inataka uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48 kama hujaachiwa. Sisi ni wauza vifaa, si mawakili. Jambo likifika hapo, mtafute wakili.

Zipo pia sehemu ambazo sababu yako nzuri haitoshi. Uwanja wa ndege wa Entebbe, kisu huingia kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, si la mkononi. Kwenye hifadhi kama Bwindi au Murchison Falls, kitaje getini kwa askari wa wanyamapori kabla hawajakigundua wenyewe. Majengo ya biashara mjini yana walinzi wenye vifaa vya kukagulia, na mteja wetu mmoja alikiacha mlangoni asikione tena. Alipotoka, mlinzi wa zamu alikuwa ameshabadilishwa. Kiache kwenye gari au kwa mtu unayemfahamu.

Kila kisu tunachouza tunakiandikia risiti yenye aina yake na tarehe, na ukitaka, tunaandika pia kazi uliyotutajia. Inasaidia kuonyesha kimetoka wapi. Wapo wanaotuomba tuwagongee muhuri wa «kibali cha kubeba». Hatuna mamlaka hayo, na muhuri wetu hautamzuia askari yeyote.