Chujio la dizeli si la kukatwa

Mhariri,

Magari mapya ya dizeli yanasifiwa hapa Malindi kwa kula mafuta kidogo, na sifa hiyo ni ya haki. Ninalolalamikia ni yale yanayotendeka gereji.

Kwenye bomba la moshi la magari haya kuna chujio linalonasa masizi. Masizi hayo huchomwa humo humo joto likifika karibu nyuzi 600, na joto hilo hupatikana gari likienda mwendo mrefu, tuseme kutoka hapa hadi Mombasa bila kusimama simama. Gari la kuzunguka sokoni na kupeleka watoto shule halifikii joto hilo. Chujio linaziba, taa inawaka, na fundi ana dawa moja tu: likatwe, litupwe! Umelipia usafi, ukauacha kwenye pipa la taka. Moshi wenyewe anauvuta abiria wa tuktuk aliye nyuma yako.

Kisingizio kwamba mafuta machafu ndiyo yanayoharibu chujio nacho kimepungua nguvu, kwani salfa, uchafu wenyewe, katika dizeli ya Kenya ilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015.

Wakaguzi wapime moshi kwa dhati, wasiishie kwenye breki na taa. Nao wauzaji wa magari (najua hawatapenda, la dizeli lina bei) wamwambie mteja mapema kwamba kama safari zake ni za mjini tu, achukue la petroli.

Mwenye pikapu,
Malindi