Redio ya mtaa isinyamaze kwa kukosa shilingi mia

Mhariri,

Nina redio ndogo ya betri kwenye dirisha la jikoni, hapa Kibokoni, na huiwasha kabla ya adhana ya alfajiri. Siku nyingi sijagusa kitufe cha kubadilishia masafa. Imekaa papo hapo kwenye redio yetu ya jamii, ile inayorusha matangazo kutoka chumba kimoja cha ghorofani, ngazi za mbao, mtaa wa pili kutoka kwangu. Ni kwa ajili ya chumba kile ninakuandikia.

Mwezi wa Machi ilinyamaza siku tatu. Tuliwasha tukakuta mvumo mtupu. Baadaye ndipo tukaambiwa kwamba deni la stima lilikuwa limerundikana hadi umeme ukakatwa. Katika siku ya pili ya kimya hicho, mwenzangu ambaye tulipanda meli pamoja mara ya kwanza mwaka 1979 alifariki nyumbani kwake Majengo. Alizikwa siku ile ile baada ya swala ya alasiri, makaburi ya Kikowani. Kutoka mlangoni kwangu hadi Kikowani natembea kwa miguu, hata na magoti haya. Habari ilinifika baada ya maghribi kwa kinywa cha muuza kahawa, kikombe tayari kiko mkononi mwangu. Mtu niliyelala naye chumba kimoja melini miaka sita, sikumtia udongo.

Wanangu wananiambia habari ilitumwa kwenye WhatsApp. Simu yangu ni ya kubonyeza, na wazee wenzangu wa barazani ni hivyo hivyo. Sisi maziko yetu yanakwenda mbio, mtu akifa asubuhi alasiri yuko chini. Kwa hiyo tanzia ya saa saba mchana kwetu ni kama mtu amekuja kubisha hodi. Jina la marehemu, nyumba aliyotoka, watoto wake ni nani, maziko wapi na saa ngapi. Dakika moja tu, lakini nimeona mtaa mzima ukifunga maduka kwa sababu ya dakika hiyo.

Tangu mwezi ule natuma shilingi 100 kila tarehe mosi, na nimekuja kuwaomba wasomaji wako wa Mombasa wafanye hivyo hivyo.

Najua swali litakalofuata, kwa sababu nilishaulizwa barazani: redio si ya serikali? Si ina wafadhili? Ile ya serikali ipo na ina kazi yake. Hii yetu ni redio ya jamii, na sheria ya mawasiliano ya Kenya inaitambua mbali na ya umma na ile ya biashara. Haiendeshwi kwa faida, na sheria yenyewe inairuhusu iishi kwa michango, misaada, matangazo na ada za wanachama. Wanachama ni nani kama si sisi tunaoisikiliza? Redio ya jamii ya kwanza nchini ilikuwa ya Homa Bay, ilianzishwa mwaka 1982 na serikali kwa msaada wa UNESCO. Mwaka 1984 serikali hiyo hiyo ikaifunga. Mimi nasoma hapo kwamba aliyekuwekea kitu mkononi ana nafasi ya kukitwaa.

Mwaka 1986 meli yetu ilikaa Oakland, California, karibu wiki mbili ikipakua. Mmoja wetu alikuwa na redio, na tulipata kituo cha Berkeley, jirani tu na pale, kinaitwa KPFA. Ghafla walikata muziki wakaanza kuomba pesa! Wanataja nambari ya simu, wanashukuru watu kwa majina, dola tano, dola ishirini, kutwa nzima. Tulishangaa sana, tukasema hata redio za Marekani zina njaa. Mpakuzi mmoja mweusi wa bandari akatueleza kwamba kituo kile kipo tangu 1949, hakichukui matangazo ya biashara, na wasikilizaji ndio wanaokilisha. Yeye mwenyewe alikuwa analipa. Alisema kwa fahari, kama mtu anayekuonyesha nyumba yake. Nilikuwa kijana, nikaona ni mambo ya Wazungu. Leo ningependa kumwona tena nimwambie nimeelewa.

Redio yetu ina siku yake, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi baada ya alasiri. Wanashusha viti chini, wanatandika mikeka kichochoroni, na watangazaji wanakaa na sisi. Wa kadi za salamu wanakuja na kadi zao, washairi wanajibizana, mwezi uliopita alikuja muuguzi akawapima watu presha hadi giza likaingia. Lakini lililonipendeza zaidi ni wavuvi watatu waliokaa na binti anayesoma hali ya bahari. Alikuwa akisoma jinsi taarifa ilivyoletwa, kilomita kadhaa kwa saa, mita kadhaa za mawimbi. Mmoja akamwambia, "Mwanangu, mwenye ngalawa hapimi upepo kwa kilomita. Mwambie kusi imekaza au imelegea, na maji yanajaa saa ngapi." Binti akatoa kalamu akaandika. Jumatatu alfajiri nikamsikia dirishani kwangu: kusi imekaza, maji kujaa saa nne, wenye ngalawa msitoke nje ya mwamba. Niliinuka nikaongeza sauti.

Siku hiyo hiyo ya Jumamosi daftari huwekwa mezani, lililoingia na lililotoka, na kila mtu ana ruhusa ya kulifungua. Nimelifungua. Stima na mafuta ya jenereta vinakula zaidi ya nusu, na vijana watatu kati ya watano hawalipwi chochote.

Lipo jambo moja ambalo lazima niliseme. Wakati wa kile kimya cha Machi alikuja mwanasiasa mmoja, akaahidi kulipa deni lote kwa mkupuo. Alitaka tu apewe saa moja kila Jumapili, na kipindi cha malalamiko ya maji kipumzishwe. Vijana walikataa, wakakaa gizani siku ya tatu wakichangisha shilingi hamsini hamsini mtaani. Nimejiuliza mara nyingi wangekataa mara ngapi kama sisi tungeendelea kukaa kimya. Wana watoto na kodi za nyumba kama watu wengine.

Kwa wenye redio nina ombi moja. Hesabu ya mwezi isomwe pia hewani, na isisomwe mchana. Isomwe saa tatu usiku, watu wa Likoni wakiwa wameshavuka feri na wa Kisauni wameshapita Kongowea, wamekula, wametulia. Hao ndio wengi, na hao hawafiki kichochoroni Jumamosi.

Baharia mstaafu,
Kibokoni, Mombasa