Mashaka hali

Mkomani, Lamu

Ndugu yangu Athman,

Assalamu alaykum. Huku hatujambo, mama anakusalimu, na pesa ya Bakari imefika. Ninaloandikia ni Mashaka.

Tangu punda mwenzake Zuhura afe, punda wako huyu hali chakula. Kwa mbali utadhani mzima: kichwa kimeinamia majani, mdomo umeshika nyasi. Msogelee uone. Hatafuni. Nyasi zinakaa mdomoni mpaka zinadondoka. Na yale masikio yaliyokuwa yakikugeukia ukifungua tu mlango wa ua, sasa yamelegea kando. Daktari wa kliniki ya punda aliniambia punda ni msiri wa maumivu. Ukingoja mpaka aanguke umechelewa. Tena akiacha kula, mafuta ya mwili hujaa kwenye damu, ini likaharibika, akafa.

Mzee Shee anashikilia kuwa mnyama hana msiba, ni uvivu. Sikubali. Bi Mwana alipofiwa na Salim tuliona chozi gani? Alikuwa akifagia ua uliokwisha kufagiwa, asubuhi na jioni, wala hakuna aliyesema hana uchungu. Na kule msitu wa Gombe, Tanzania, mwaka 1972, sokwe aliyeitwa Flint alifiwa na mama yake, Flo. Alishakuwa mkubwa wa kujitafutia chakula, lakini alijikunyata, akasusa kula, na hakumaliza mwezi naye akafa. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, na watu wake walikuwepo, waliyaona. Basi Mashaka ana uvivu gani?

Linaloniuma zaidi ni kwamba Zuhura aliondolewa usiku uleule, mwenzake hakupata hata kumnusa. Daktari anasema aliyebaki huachwa na mzoga mpaka aondoke mwenyewe, ndipo anapoacha kutafuta. Huyu bado anatafuta. Akisikia punda wa mchanga wakipita, anakimbilia mlangoni analia, kisha anarudi kwenye kona ya Zuhura.

Famau anamtaka kwa kazi ya mawe wiki ijayo. Tafadhali usimpe, Athman. Niruhusu nimlete yule jike mpole wa Omari akae naye hapa.

Unakubali? Malipo ya Omari utayatoa wewe au tugawane? Zamani Mashaka alipougua, marehemu baba alimbembeleza kwa chakula gani? Na Famau utamwambia mwenyewe, au nimwambie mimi? Nijibu leo, usingoje Ijumaa.

Nduguyo,
Yusuf