Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Tanzania: Skafu ya skauti ni ya kufungia mkono uliovunjika

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Nakuandikia nikiwa skauti wa zamani na mzazi wa mtoto wa darasa la sita. Ombi langu ni moja: watoto wetu wa skauti warudishiwe kambi.

Ziara za viongozi tunaziona kwenye taarifa ya habari. Msafara unasimama, ngoma zinalia, mtoto aliyevaa sare anasogea mbele, anapiga saluti ya vidole vitatu na kumvisha mgeni rasmi skafu. Mwenge wa Uhuru ukipita ni vivyo hivyo. Bila shaka wewe mwenyewe umeshavishwa mara nyingi. Sina neno na desturi hiyo; ni heshima, na mtoto aliyeipata haisahau. Lakini naomba nikusimulie jinsi nilivyoijua mimi skafu hiyo.

Nilikuwa darasa la tano katika shule moja ya msingi milimani Usambara, miaka ya tisini. Kiongozi wetu wa skauti alikuwa mwalimu wa sayansi, na kwa kazi hiyo hakulipwa hata senti. Sare kamili walikuwa nayo wachache. Mimi nilikuwa na kaptura ya shule na skafu ambayo mama aliikata kutoka kwenye shuka lililochakaa, akaipinda kingo kwa sindano ya mkono. Mwalimu aliitazama, akasema inatosha. Tangu siku hiyo nikawa skauti, sawa na mtoto wa mwenye duka.

Kila Jumamosi tulikutana chini ya mikaratusi nyuma ya madarasa. Kamba zetu zilikuwa za katani, zilizopanda kutoka mashamba ya bondeni Korogwe. Katani kavu inachoma vidole. Ikilowa inakaza hadi ulifungue fundo kwa meno. Fundo la kwanza tulilofundishwa ni lile la kuunganisha ncha mbili: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukikosea ukarudia kulia juu ya kushoto, kwa mbali linafanana kabisa na lenyewe, ila ukilivuta linateleza. Mwalimu alipita kwa kila mmoja wetu, akashika ncha mbili na kuvuta. Hakusema kitu. Likiteleza, unaanza upya.

Alitufundisha pia alama za njia. Mshale wa mawe, jiwe dogo juu ya jiwe kubwa, vijiti viwili vilivyokatizana kukuambia usipite huku. Ya mwisho ilikuwa duara lenye nukta katikati, maana yake nimekwenda nyumbani. Akatuambia kwamba alama hiyo ipo kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, na kaburi lenyewe liko Nyeri, Kenya, alikofariki Januari 1941. Jambo lililoanzia kambi ya wavulana wapatao 20 kwenye kisiwa kimoja cha Uingereza mwaka 1907, na mwenyewe amelala hapa jirani karibu na Mlima Kenya! Kwa wiki nzima tulichora duara na nukta kwenye vumbi la njia zote za kijijini, mpaka wazee wakauliza kuna nini.

Kisha ikaja kambi. Usiku tatu pembezoni mwa msitu wa Magamba, mwezi Juni, na anayeijua Lushoto anajua baridi ya Juni. Ukungu ulishuka mapema, kuni zilikuwa mbichi, makande yakaiva saa nne usiku. Siku ya pili, mwenzetu mmoja aliteleza kwenye tope akienda mtoni, akaangukia mkono. Ulipinda mahali ambapo mkono haupindi. Mwalimu alikuwa na kikosi kingine, mbali kidogo. Kiongozi wa kikosi chetu, kijana wa darasa la saba, alivua skafu yake na kuitandaza. Ndipo nilipoelewa kwa nini skafu ina pembe tatu. Aliweka vijiti viwili kandokando ya mfupa, akavifunga, akapitisha kitambaa chini ya mkono na ncha zake juu ya mabega. Kisha akaniambia: funga wewe, mimi nimeshikilia.

Mikono ilinitetemeka. Kulia juu ya kushoto. Kushoto juu ya kulia. Fundo lile hukaa bapa, haliumizi shingo, na yeye alinielekeza nilisogeze pembeni, lisikae juu ya mfupa. Skafu yangu ya shuka ikazungushwa kifuani kuutuliza mkono. Mwalimu alipofika, tukateremka naye hadi zahanati, mwendo wa saa moja na zaidi, na njia nzima macho yangu yalikuwa kwenye lile fundo. Halikuteleza.

Mheshimiwa, mwanangu amejiunga na skauti mwaka huu. Sare nimemnunulia yote, na soksi zake. Mwezi uliopita alirudi nyumbani midomo imekauka. Walikuwa wamepangwa barabarani tangu saa mbili asubuhi wakimsubiri mgeni, naye akafika saa nane mchana. Baada ya kula nikampa kamba, nikamwambia anifungie fundo lolote alilofundishwa. Akanitazama tu. Anajua saluti, anajua gwaride, anajua wimbo wa mapokezi. Fundo hata moja hajui, wala hajawahi kulala kwenye hema.

Simlaumu mwalimu wake. Ana darasa lililofurika, na kupata kibali cha kulala porini na watoto ni safari ya barua inayopita meza nyingi, kila meza ikihofia ajali. Kuwapanga barabarani hakuhitaji barua ndefu. Hofu ya ajali naielewa, nimeshika mkono uliovunjika. Lakini maafa hayaombi kibali. Desemba 2023 matope yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kufukia sehemu za mji wa Katesh, mkoani Manyara, yaliwakuta watu majumbani mwao. Siku kama ile, mtoto anayejua kufunga jeraha, kutuliza wadogo zake na kufuata njia salama ana kazi ya kufanya kabla msaada haujafika.

Naomba utoe waraka kwa wakurugenzi wa halmashauri zote. Shule yenye kundi la skauti ipewe Jumamosi zake za mafunzo na zisiguswe. Kambi iwepo walau mara moja kwa mwaka, na kibali chake kimalizikie wilayani kwa muda unaojulikana. Mtoto asirudishwe kwa kukosa sare. Na watoto wakiitwa kwenye mapokezi, wakae kivulini, wapewe maji, wasimame tu msafara unapokaribia. Simu zipo, inajulikana mgeni amefika wapi.

Jambo jingine dogo liko mikononi mwako hata kabla ya waraka. Ukivishwa skafu ziara ijayo, mwulize mtoto aliyekuvisha kama anajua kuufungia mkono uliovunjika. Akijua, mpe mkono wako akuonyeshe. Asipojua, mwulize mwalimu wake amekwamishwa na nini, umsikilize palepale.

Kwa upande wangu, niko tayari kutoa Jumamosi mbili kila mwezi bila malipo katika shule yoyote ya jirani itakayoruhusiwa. Kamba za katani ninazo.

Wako katika kulijenga Taifa,

Skauti wa zamani, Usambara